Mgeni Mezani pa Dikteta

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati na waumini baada ya kutazama filamu ya The Last King of Scotland





Tulipoitazama filamu hii katika ukumbi wa kanisa, taa ziliwashwa na watu wakakaa kimya. Kisha mama mmoja aliyekuwa ameketi safu ya nyuma akasimama, akauliza swali moja: "Yule daktari angetoka lini?" Hakuna aliyemjibu usiku ule. Hakuuliza kwa nini kijana yule aliingia katika nyumba ya Amin, kwa maana kuingia kunaeleweka. Ujana, tamaa na udadisi vinatosha kumwingiza mtu popote. Aliuliza juu ya kutoka. Tumepewa kazi ya kulijibu swali hilo leo, nasi tutajaribu kulijibu bila kujifanya watakatifu.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Uganda, tena ya zamani. Kwamba Amin alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 1993 au 2003, wala hawakumbuki vyema. Ni 2003, ndugu zetu, na huko kusahau ndiko kunakotutia hofu. Watasema pia kwamba sisi Wakenya tulikwisha kukifuta kifungu cha 2A mnamo Desemba 1991, tukapata vyama vingi, na mwaka 2010 tukajipatia Katiba mpya. Hayo yote ni kweli, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini sheria haimzuii mtu kupenda kuitwa mezani pa mkubwa. Udikteta haujengwi na dikteta peke yake. Hujengwa na madaktari, mawakili, wahasibu, waandishi na wahubiri, watu wenye elimu na adabu, watu kama sisi.

FILAMU YENYEWE

Filamu hii ilitolewa mwaka 2006, ikiongozwa na Kevin Macdonald, nayo imetokana na riwaya ya Giles Foden iliyochapishwa mwaka 1998. Ilipigwa papo hapo nchini Uganda. Forest Whitaker, Mmarekani mweusi, ndiye aliyemwigiza Idi Amin. Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 2007 akatunukiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. James McAvoy ameigiza Nicholas Garrigan, daktari kijana kutoka Uskoti. Amin alikuwako katika historia, Garrigan hakuwako. Ni mtu wa kubuniwa, aliyewekwa pale ili sisi watazamaji tuingie ikulu kwa miguu yake na kuona kwa macho yake.

Jina la filamu limetokana na majigambo ya Amin mwenyewe. Alijivika vyeo kama mtu avaavyo shanga: Rais wa Maisha, Fildi Masho, Daktari, Mshindi wa Dola ya Kiingereza, na juu ya hayo akajitangaza kuwa tayari kuwa mfalme wa Waskoti. Dunia ilicheka. Magazeti ya Ulaya yalimchora kama kinyago. Huku nyuma ya kicheko hicho watu walikuwa wakichukuliwa usiku ndani ya buti za magari. Na tulichunguze jambo hili: kicheko nacho ni namna ya kutokuona.

MILANGO MITANO

Daktari huyu hakutumbukia shimoni mara moja. Alipita milango mitano, na kila mlango ulifunguliwa kwa upole.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa kando ya barabara. Gari la Rais mpya limemgonga ng'ombe, na Rais ameumia mkono. Daktari anaitwa kutoka zahanati ya kijijini. Ng'ombe analia kwa uchungu, watu wamebabaika, naye daktari hawezi kufanya kazi kwa kelele ile. Anainyakua bastola ya Amin mwenyewe na kumpiga ng'ombe risasi. Walinzi wanaduwaa. Amin naye, badala ya kukasirika, anapendezwa na ujasiri huo, na akisikia kwamba kijana ni Mskoti, anavua shati lake la kijeshi na kubadilishana naye fulana. Hakuna fedha iliyotolewa. Kijana alinunuliwa kwa kile alichokuwa na njaa nacho, yaani kuonekana kuwa mtu wa maana. Nyumbani kwao alikuwa mtoto wa daktari mwenye maisha ya kuchosha. Hapa ameitwa rafiki na mtawala wa nchi.

Mlango wa pili ni kuhama. Zahanati ile ina mlolongo wa wagonjwa tangu alfajiri, akina mama wenye watoto migongoni. Kijana anaiacha, anakwenda Kampala kuwa daktari wa Rais na wa jamaa yake. Hoja yake mnaijua, maana mmeisikia hata humu nchini: akiwa karibu na mkubwa atawasaidia wengi zaidi. Anapewa nyumba, anapewa gari la Mercedes. Usiku mmoja anaitwa haraka: Rais anagaagaa kitandani, anadhani amelishwa sumu. Kumbe ni gesi tumboni. Daktari anamtibu, wanacheka pamoja, na tangu hapo anajiona ameaminiwa kuliko mawaziri. Hajui kwamba ukaribu wa namna hiyo ni kamba: mtu aliyekwisha kuona udhaifu wa mkubwa haruhusiwi tena kwenda zake.

Mlango wa tatu ndio mzito, nasi tunaomba mtuvumilie hapa. Daktari anamwona waziri wa afya, Wasswa, akizungumza faraghani na mgeni hotelini. Anashuku. Anampelekea Amin habari hizo, si kwa chuki, bali kwa ile bidii ya mtumishi mpya. Wasswa anatoweka.  Baadaye daktari anatambua kwamba waziri yule alikuwa akitafuta dawa kwa ajili ya hospitali. Anapolia na kuuliza, anakumbushwa kwamba habari zilitoka kinywani mwake.

Mlango wa nne ni wa mshauri asiyeshauri. Mwaka 1972 Amin anawapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Fundi aliyemshonea daktari suti anamwomba amsihi Rais. Daktari anasema maneno mawili matatu, anafokewa, ananyamaza. Muda si mrefu magazeti ya dunia yanaandika mabaya, na Amin anamgeukia akimlaumu: mbona hukuniambia? Daktari anajitetea kwamba alimwambia. Amin anamjibu kwamba kumwambia alimwambia, lakini hakumshawishi. Wengi katika ukumbi walicheka. Lakini ndani ya kichekesho hicho imo siri ya kazi ya wapambe wote: sifa ni za mkubwa, lawama ni za mshauri.

Mlango wa tano ni pasipoti. Daktari anataka kurudi kwao. Anafungua mahali alipoweka pasipoti yake ya Kiingereza, anakuta ya Uganda. Sasa ndipo anapotambua kwamba yumo kifungoni. Anamwendea mwanabalozi wa Uingereza, yule yule aliyekuwa akimdharau, naye anamtaka amuue Amin kwanza. Hatimaye anajaribu kumpa Rais vidonge vya sumu, anagunduliwa, anateswa, na anaponea chupuchupu katika uwanja wa Entebbe.

Basi, mama yetu, tunakujibu. Watazamaji wengi hudhani kwamba mlango ulifungwa siku pasipoti ilipochukuliwa. Sisi tunasema ulifungwa siku ile ya Wasswa. Kabla ya siku hiyo alikuwa mgeni aliyepotoka. Baada yake alikuwa mshiriki. Mtu akishatoa jina la mwenzake, na mwenzake akafa, hawezi tena kukiri kwamba nyumba ile ni ya wauaji bila kukiri kwamba yeye ni mmoja wao. Kwa hiyo huitetea nyumba ili ajitetee nafsi yake. Hiyo ndiyo kufuli. Pasipoti ilikuwa karatasi tu.

WALIOKUWAKO KWELI

Garrigan ni wa kubuniwa, lakini meza ile ilikuwa na wageni wa kweli.

Alikuwako Bob Astles, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1924, akaja Uganda kabla ya uhuru, akaitumikia serikali ya Obote. Amin alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Astles alifungwa, kisha akatolewa na kufanywa mshauri, akapewa cheo cha meja na kazi ya kupambana na magendo na ufisadi. Amin alipoanguka mwaka 1979, Astles alikimbilia kwetu Kenya, akakamatwa na kurudishwa Uganda. Alishtakiwa kwa mauaji, na mahakama haikumtia hatiani. Hata hivyo aliendelea kuzuiliwa hadi mwaka 1985. Alifariki Uingereza mwaka 2012. Hatumhukumu kwa yale ambayo mahakama haikuyathibitisha. Tunasema tu kwamba alikula mezani miaka mingi, na wakati huo huo jengo la Idara ya Upelelezi wa Dola pale Nakasero lilikuwa likimeza watu.

Wala wageni hawakuwa watu binafsi tu. Serikali ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa zilizowahi kuutambua utawala wa Amin. Kwa miaka kadhaa ndege zilitoka uwanja wa Stansted, karibu na London, zikileta wiski na anasa nyingine kwa ajili ya wanajeshi wake, na kahawa ya Uganda iliendelea kununuliwa Marekani hadi Bunge la huko lilipoiwekea marufuku mwaka 1978. Waliouza na walionunua hawakumpiga mtu yeyote. Lakini askari anayeua analipwa, na mshahara wake hutoka mahali fulani.

Tena tusisahau waliomlea. Amin alikuwa askari wa King's African Rifles, akapigana hapa Kenya dhidi ya Mau Mau. Mwaka 1962 kikosi chake kilituhumiwa kuwatesa na kuwaua wafugaji wa Kiturkana. Wakuu wake walijua. Lakini uhuru wa Uganda ulikuwa umekaribia, maofisa Waafrika walikuwa wachache, na ikaonekana afadhali asishtakiwe. Waturkana wale hawakuwa na mwana wa mtu mkubwa miongoni mwao. Miaka 9 baadaye mtu yule yule alikuwa Rais. Methali yetu husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Uganda ilijenga ukuta huo kwa mifupa.

Wako pia Waganda waliokuwa ndani, nao walitoka kwa njia mbalimbali. Edward Rugumayo alikuwa waziri wa elimu. Mwaka 1973 alijiuzulu na kubaki ng'ambo. Henry Kyemba alitumikia muda mrefu zaidi, akafika kuwa waziri wa afya, akaona kwa macho yake yaliyopitia vyumba vya maiti, na mwaka 1977 akatoroka akiwa Geneva kwa mkutano wa afya, akaandika kitabu kilichoyaeleza yote. Kuna watakaouliza kwa nini hakutoka mapema. Ni swali la haki. Lakini alipotoka alisema, tena akataja majina, na akakubali kwamba alikuwa mle ndani.

Yuko Benedicto Kiwanuka, ambaye Obote alimfunga na Amin akamfungua, kisha akamfanya Jaji Mkuu. Kwa hesabu ya dunia Kiwanuka alikuwa na deni la shukrani. Lakini mnamo Septemba 1972, baada ya kuamuru aachiliwe mtu aliyezuiliwa na askari kinyume cha sheria, alikamatwa na kutolewa ndani ya jengo la Mahakama Kuu mchana kweupe, wala hakuonekana tena. Aliikubali kazi kutoka kwa dikteta, akaifanya kama kwamba dikteta hayupo. Ndugu zetu mawakili, huyo ndiye babu yenu.

Na yuko Askofu Mkuu Janani Luwum. Naye aliwahi kulaumiwa na baadhi ya watu kwamba yuko karibu mno na Amin, maana alikuwa akienda kumwona. Tunalisema hili kwa sababu sisi wanaharakati tunayo haraka ya kumwita kila anayekwenda ikulu msaliti. Luwum alikwenda kuulizia waliotoweka. Mwanzoni mwa Februari 1977 askari walivamia nyumba yake usiku, wakidai wanatafuta silaha. Yeye na maaskofu wenzake hawakwenda kunong'ona. Waliandika barua, wakaitia sahihi pamoja, wakamweleza Rais wazi juu ya mauaji na juu ya bunduki zilizo mikononi mwa wanaopaswa kulinda raia. Tarehe 16 Februari maaskofu waliitwa Kampala mbele ya umati wa askari. Wenzake waliambiwa waende nyumbani, yeye akabakizwa. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Hakuna aliyeamini. Kule Namirembe kaburi lilikuwa limechimbwa, mwili haukuletwa, na waumini wakaizunguka ile shimo tupu wakiimba juu ya ufufuo. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa nchini Uganda.

Mtazame basi: Astles na Luwum waliingia nyumba moja. Tofauti haikuwa katika kuingia. Ilikuwa katika walichokibeba walipoingia, na walichokibeba walipotoka.

KASORO YA FILAMU

Tumeisifu filamu, sasa tuseme ukweli juu ya upungufu wake.

Katika filamu, Kay, mke wa Amin, anapendana na daktari Mzungu, anapata mimba, na anauawa kikatili. Kay alikuwako. Alikuwa binti wa mchungaji, mwanamke msomi. Amin alimtaliki mwaka 1974, na mwaka huo huo mwili wake ulipatikana umekatwa viungo ndani ya buti ya gari. Daktari aliyehusishwa na kifo chake hakuwa Mskoti bali Mganda, naye alikufa wakati ule ule. Filamu imemwondoa Mganda huyo, ikamweka mgeni mahali pake, kisha ikakisogeza kifo cha Kay hadi siku za mateka wa Entebbe, Julai 1976, ili hadithi iende kasi. Tunaelewa kwamba mchezo wa kuigiza si kitabu cha historia. Hata hivyo tunauliza: kwa nini mwanamke wa Kiafrika afe ili kijana kutoka ng'ambo ajifunze kwamba maisha si mchezo?

Na mwisho wake je? Daktari Mganda, Junju, anamtoa Garrigan mikononi mwa watesaji, anamwingiza kwenye ndege pamoja na mateka wanaoachiliwa, na anamwambia akawaeleze walimwengu, kwa kuwa yeye ni Mzungu na wataamini. Junju anapigwa risasi. Machozi yalitutoka. Lakini historia inasema vingine. Waliowaeleza walimwengu habari za Amin walikuwa Waganda wenyewe: mawaziri waliotoroka, wakimbizi waliojaa Nairobi na Dar es Salaam, Askofu Festo Kivengere aliyevuka milima usiku na mkewe baada ya Luwum kuuawa. Na waliomwondoa walikuwa majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Waafrika hawakungoja shahidi kutoka Ulaya. Wala idadi ya waliokufa, ambayo makadirio yake huanzia laki moja na kufika laki tano, haikuwa mandhari ya nyuma ya hadithi ya mtu mwingine. Kila mmoja alikuwa na mama.

Nasi Wakenya tulikuwamo. Februari 1976 Amin alidai sehemu ya magharibi ya nchi yetu kuwa ni yake. Ndege za Israeli zilizowakomboa mateka wa Entebbe zilitua Nairobi, naye akalipiza kisasi kwa kuwaua Wakenya waliokuwa wakiishi na kufanya kazi Uganda. Bibi Dora Bloch, mateka mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, aliyekuwa amelazwa Mulago, alitolewa kitandani na kuuawa. Nyumba ya dikteta haina mipaka. Moshi wake hufika kwa jirani.

NA SISI JE?

Ndugu zetu, tungemaliza hapa mngetupigia makofi, nasi sote tungekwenda nyumbani tukimlaani Amin. Ni rahisi kumlaani mtu aliyekufa.

Tukumbuke mwaka 1988, tulipopanga mlolongo nyuma ya picha za wagombea, na mstari mrefu ukatangazwa kuwa mfupi. Nani aliyehesabu? Hakuwa dikteta. Alikuwa ofisa mwenye familia, aliyekwenda kanisani Jumapili iliyofuata. Tukumbuke vyumba vya chini vya Nyayo House, ambamo wenzetu walisimamishwa ndani ya maji. Nani aliyefungua mfereji? Na nani aliyewapeleka huko? Mara nyingi alikuwa jirani, mwanafunzi mwenza, mtu aliyeambiwa kwamba habari anazotoa ni ndogo tu. Hao wote walipita mlango wa tatu.

Na sisi wenyewe, tulioimba nyimbo za mageuzi, hatukuwa salama. Wako miongoni mwetu walioitwa kunywa chai, wakatwambia wanakwenda kusikiliza tu, wakarudi na gari. Wako wachungaji waliopokea bahasha ya harambee madhabahuni, na tangu siku hiyo mahubiri yao yakawa juu ya utii peke yake. Na tuseme lililo zito zaidi: baada ya Desemba 2002, mlango ulipofunguliwa kwetu, wengi wetu tuliingia mbio. Tuligundua kwamba kiti kile ni chororo. Waliotuuliza maswali tukawaita wenye wivu, kama vile sisi tulivyoitwa zamani. Hatusemi hayo kumhukumu mtu. Sisi tunaosema tulikuwamo, na baadhi ya simu za wenzetu tuliacha kuzipokea.

Maandiko nayo yanatufundisha kwamba kuwa katika nyumba ya mfalme mwovu si dhambi peke yake. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu. Yezebeli alipowaua manabii wa Bwana, Obadia aliwaficha watu mia moja, hamsini katika pango hili na hamsini katika pango lile, akawalisha mkate na maji. Alikula mezani pa Ahabu, lakini majina aliyoyajua hakuyapeleka mezani. Garrigan alilitoa jina moja. Obadia aliyaficha mia. Hicho ndicho kipimo tunachowaachia.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Hatutaki kuondoka hapa na huzuni tupu. Tunaleta mambo manne, machache na mepesi kukumbuka, ili mkayajadili katika vikundi vyenu na katika jumuiya ndogo ndogo.

Kwanza, asiende mtu peke yake. Yeyote anayeitwa na mwenye madaraka, awe rais, gavana au mbunge, aende na mwenzake, na wote wawili waseme walichokisikia. Aliye peke yake hubembelezwa.

Pili, tuseme kwa maandishi, kama maaskofu wa Uganda mwaka 1977. Lisemwalo ndani liwe lile lile lisemwalo nje. Akitwambia mtu kwamba anapigania haki kimya kimya, tumwombe nakala ya barua.

Tatu, tusipokee tusichoweza kukitangaza kanisani. Zawadi inayohitaji kufichwa imekwisha kuwa mshahara. Na harambee ni njema, lakini fedha iletwe mchana, ikiwa na jina la mtoaji na chanzo chake.

Nne, na hili ndilo kubwa, tusitoe jina la mtu. Tukosane katika mikutano, tushindane kwa kura, tukemeane ana kwa ana kama Nathani alivyomkemea Daudi. Lakini tusichukue habari za mwenzetu na kuzipeleka kwa wenye nguvu za kumtowesha, hata akiwa mpinzani wetu, hata akiwa ametukosea. Siku tutakapofanya hivyo tutakuwa tumejifungia kufuli, na hatutakuwa na haja ya kuporwa pasipoti.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule daktari alikuja na mkoba wa dawa, wala mwenyeji hakupona. Mwenyeji halisi, yaani wale akina mama wa mlolongo wa alfajiri, aliwapita akaenda kumtibu aliyekuwa akiwaua. Zahanati ile ya kijijini ndiyo inayobaki akilini mwetu kuliko ikulu yote. Bado wagonjwa walikuwa wanangoja. Njia ya kurudi kwao ilikuwa wazi siku ya kwanza, siku ya pili, na hata siku kumi baada ya hapo, kabla hajamwona Wasswa hotelini.

Mama yetu wa safu ya nyuma, hilo ndilo jibu letu. Angetoka wakati ule. Nasi tunawaomba, kila mmoja wetu aliye karibu na meza yoyote iliyoandaliwa na mwenye nguvu, ajiulize usiku wa leo kama bado yuko kabla ya siku ile, au amekwisha kuipita. Aliye kabla yake, na ainuke. Aliyekwisha kuipita, na afanye kama Kyemba: atoke, aseme, ataje na lake mwenyewe. Kanisa lina mlango kwa mtu wa namna hiyo, na harakati hizi nazo lazima ziwe nao.

Mungu awarehemu waliopotea Uganda, na waliopotea kwetu. Mungu ibariki Kenya.